Njaa Haina Likizo: Stori ya Watu wa Posta Waliohamisha Siku ya Kutoa

Desemba ikifika, picha mitandaoni ni zile zile. Wafanyakazi wa kampuni fulani wamevaa tisheti zenye nembo, mbele yao kuna mifuko ya unga, mchele na madumu ya mafuta, nyuma yao bango kubwa. Pembeni kuna mama mmoja anapokea mfuko huku simu nne zinamrekodi. Chini ya picha ugomvi unaanza. Kuna wanaoandika "Mungu awabariki", na kuna wanaomaliza kwa neno moja tu: kiki.

Ukweli ni kwamba kila upande una hoja yake. Mchele uliotolewa kwa kiki unaiva sawasawa na mchele mwingine, na aliyelala njaa jana hana muda wa kuchunguza nia ya mtu. Lakini kuna swali zito kuliko la kiki, na huwa halijitokezi kwenye ule ugomvi. Kwa nini Desemba? Tumbo linadai kila siku, mwaka mzima. Nani aliamua kwamba mwenye njaa akumbukwe wiki mbili za sikukuu, halafu basi?

Swali hilo lina historia, na jibu lake bora kabisa halikutoka kwa mabosi wala kwa mastaa. Lilitoka kwa watu ambao majina yao hakuna anayeyajua: wafanyakazi wanaotembea mtaa kwa mtaa nchini Marekani wakibeba barua.

CHUNGU CHA SAN FRANCISCO

Turudi nyuma kidogo, mwaka 1891. Mjini San Francisco, ofisa mmoja wa Jeshi la Wokovu, Kapteni Joseph McFee, alikuwa na mpango wa kuwalisha maskini wapatao 1,000 siku ya Krismasi. Nia ilikuwepo, hela hakuna. Alichofanya ni kuweka chungu mahali watu wengi wanapopita, kwenye kituo cha kivuko cha kwenda Oakland, ili kila anayepita atumbukize chochote. Sarafu zikaingia, na chakula cha Krismasi kikapatikana.

Ile staili ikasambaa mji baada ya mji. Mpaka leo, ukienda Marekani mwezi wa 12 utakuta vyungu vyekundu nje ya maduka na mtu amesimama anapiga kengele. Ni jambo zuri na limelisha watu wengi sana. Ila lilisaidia pia kujenga mazoea ambayo baadaye yalikuja kuwa tatizo: ya kwamba njaa ni habari ya sikukuu. Watu wakazoea kufungua mkono kuanzia Thanksgiving, ile Alhamisi ya nne ya Novemba ambapo familia za Kimarekani hukaa mezani na bata mzinga, mpaka Krismasi. Baada ya hapo kila mtu anarudi kwenye mambo yake.

Kampuni zilipokuja kuanzisha utaratibu wa kupeleka wafanyakazi wao kujitolea, zilikuta kalenda imeshapangwa kitambo. Zikaingia humo humo.

MAMA ASIYE NA JINA

Sasa twende Phoenix, Arizona, miaka ya 1960. Kulikuwa na jamaa mmoja mstaafu, John van Hengel, aliyekuwa anajitolea kwenye jiko la kanisa linalolisha maskini. Phoenix ni mji wenye machungwa na malimau mengi, na mengine yalikuwa yanaozea tu mitini. Van Hengel akawa anaomba ruhusa kwa wenye miti, anachuma, anapeleka jikoni.

Hapo ndipo alipokutana na mama mmoja. Mama huyu alikuwa na watoto wengi, na sehemu ya chakula chao alikuwa anakitoa kwenye mapipa ya taka nyuma ya maduka makubwa. Alichokuwa anakipata humo hakikuwa uchafu. Kilikuwa chakula kizima kabisa, kimetupwa kwa sababu boksi limebonyea, au tarehe ya kuuzwa imekaribia, au karoti haina umbo la kuvutia wateja. Mama akamwambia van Hengel wazo lake: pangekuwa na mahali kama benki, mwenye chakula cha ziada anaweka, mwenye shida anatoa.

Van Hengel akalichukua lile wazo na kulifanyia kazi. Mwaka 1967 parokia ya St. Mary's ikampa dola 3,000 na jengo lililokuwa limeachwa, na benki ya kwanza ya chakula ikazaliwa. Ikaitwa St. Mary's Food Bank, na ipo mpaka leo. Mwaka wa kwanza tu ilipitisha zaidi ya tani 100 za chakula na kuzigawa kwa vituo 36 vya kusaidia watu.

Van Hengel amepata heshima yake na anastahili. Ila jina la yule mama halimo kwenye stori inayosimuliwa kila mwaka. Aliyeona tatizo lilipo, na aliyejua saa ngapi duka linatupa mzigo, alikuwa mtu ambaye hakuna kamera iliyowahi kumpiga picha. Alijua kwa sababu njaa ilikuwa nyumbani kwake.

Wazo likakua fasta. Mwaka 1976 sheria ya kodi ya Marekani ilibadilishwa ili kampuni inayotoa chakula ipate nafuu zaidi ya kodi. Hapo mabosi wakaanza kuona kumbe kutoa kunalipa kuliko kutupa. Mwaka 1979 benki hizo zikaunganishwa kwenye mtandao mmoja wa kitaifa, ambao tangu 2008 unaitwa Feeding America, na leo una benki za chakula zipatazo 200. Mwaka 1996 ikaja sheria nyingine ya kuwalinda wanaotoa chakula kwa nia njema wasishtakiwe endapo kitaleta madhara bila wao kujua. Kisingizio cha "tutapelekwa mahakamani" kikapungua nguvu.

STOO INAJAA DESEMBA, INALIA APRILI

Benki ya chakula siyo ofisi yenye kaunta. Ni ghala. Malori yanaingia na maboksi yaliyochanganyika: maharage ya kopo, tambi, juisi, nafaka za asubuhi, supu. Lazima mtu ayafungue, aangalie tarehe, atenge kopo lililovimba (hilo ni hatari, linatupwa) na lile lililobonyea kidogo tu (hilo linalika), apange upya kwa aina, apime, afunge. Mashine ya kufanya yote hayo hakuna. Kazi inafanywa na mikono ya watu, na mingi ni ya wanaojitolea.

Ndiyo maana wafanyakazi wa kampuni ni muhimu kweli. Watu 30 wa idara ya uhasibu wakijitoa kwa mchana mmoja, mzigo mkubwa unasogea. Kuna bosi anayegundua siku hiyo kwamba yule kijana mkimya wa ofisini ndiye anayejua kupanga lori kuliko wote. Watu wanacheka, wanatoka jasho, wanajuana. Hakuna ubaya hapo.

Tatizo ni kalenda. Novemba na Desemba, nafasi za kujitolea zinajaa mapema na kampuni nyingine zinaambiwa samahani, hamna nafasi. Chakula nacho kinaingia kwa wingi. Januari ikifika, simu zinanyamaza. Februari, Machi, Aprili, lile rundo la sikukuu linapungua, linapungua, halafu inabaki sakafu.

Na baada ya hapo kinakuja kipindi kibaya zaidi. Watoto wengi wa familia za kipato cha chini nchini Marekani wanakula mchana shuleni, kwa mpango wa kitaifa uliowekwa kwa sheria ya 1946. Likizo kubwa ya kiangazi inaanza karibu na Juni. Shule ikifungwa, na ile sahani inafungwa. Yaani watoto wanarudi nyumbani wakati ule ule ambao stoo za misaada zimekauka. Wa Desemba anapewa bata mzinga, wa Juni anaambiwa asubiri.

WATU WA POSTA WAINGIA

Kwa Afrika Mashariki barua mara nyingi inafuatwa posta, kwenye sanduku lenye namba. Marekani ni tofauti: mpeleka barua anakuja mpaka mlangoni, siku sita kwa wiki, na mara nyingi ni mtu yule yule kwenye mtaa ule ule kwa miaka. Anajua mbwa yupi anang'ata. Anajua nyumba ipi imeanza kupokea bahasha za madeni, na mzee yupi hajatoa barua zake kwenye sanduku tangu juzi. Kama kuna mfanyakazi anayeuona ugumu wa maisha kabla ya takwimu, ni huyu.

Wafanyakazi hawa wana chama chao, National Association of Letter Carriers, kilichoanzishwa mwaka 1889. Kwa miaka mingi matawi ya hapa na pale yalikuwa yanakusanya chakula kwa ajili ya majirani wenye shida. Moja ya matawi yaliyofanya vizuri lilikuwa la Phoenix, mji ule ule wa benki ya kwanza ya chakula. Oktoba 1991 wakafanya jaribio kwenye miji 10. Mambo yakaenda vizuri kiasi kwamba wakataka nchi nzima iingie.

Hapa ndipo penye utamu wa stori. Kwa akili ya kawaida, zoezi kubwa kama hilo ungelipeleka Desemba. Watu wana moyo laini, nyimbo za Krismasi zinapigwa, vyombo vya habari vinatafuta stori za kutia moyo. Lakini watu wa posta walisikiliza wale wanaogawa chakula, na jibu la benki za chakula lilikuwa la kushangaza kidogo: mwisho wa majira ya machipuko ndiyo wakati unaofaa zaidi, kwa sababu hapo ndipo kile kilichotolewa wakati wa Thanksgiving na Krismasi kinapokwisha.

Basi wakahamisha siku. Zoezi la kwanza la kitaifa likafanyika Jumamosi ya tarehe 15 Mei, 1993.

Utaratibu wenyewe ulikuwa rahisi mno. Mwenye nyumba anaacha mfuko wa chakula kisichoharibika haraka pembeni ya sanduku lake la barua. Mpeleka barua anapita kama kawaida, anaweka barua, anachukua mfuko. Hakuna bango, hakuna foleni, hakuna mama wa kupigwa picha. Mifuko inapelekwa kituo cha posta, ambako familia zao, wastaafu na watu wengine wa kujitolea wanashusha na kupanga, halafu chakula kinakwenda kwa wahitaji wa eneo lile lile kilikotoka. Anayetoa hamjui anayepokea. Anayepokea anaweza kuwa jirani wa nyumba ya tatu, na heshima yake inabaki.

Siku ile moja matawi zaidi ya 220 yalikusanya zaidi ya pauni milioni 11 za chakula. Hizo ni kama kilo milioni 5. Tangu hapo Jumamosi ya pili ya Mei ikawa siku yao kila mwaka, chini ya jina la Stamp Out Hunger. Kufikia 2010 jumla ilikuwa imevuka pauni bilioni moja, karibu tani 450,000. Janga la korona lilipoingia, 2020 na 2021 kubeba mifuko kulisimama na watu wakachangia kwa intaneti. Mei 2022 mifuko ikarudi kwenye masanduku.

Kumbuka mzigo wote huo umebebwa na watu waliokuwa kazini tayari. Ile Jumamosi barua zilikuwepo kama siku nyingine. Makopo ya maharage ni mazito, na mitaa mingine ina ngazi. Ukiuliza nani alibeba kile kilo milioni tano za 1993, jibu ni maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja aliyekuwa maarufu.

PIPA LA NDANI YA DUKA

Stori ya wafanyakazi na njaa ina upande mwingine pia, na huo hauna utamu.

Novemba 2013, kwenye duka moja la kampuni kubwa mjini Canton, jimbo la Ohio, yaliwekwa mapipa ya plastiki ya kukusanyia chakula cha Thanksgiving. Mpaka hapo kawaida. Isipokuwa mapipa hayakuwa mbele kwa wateja. Yalikuwa ndani, sehemu ya wafanyakazi peke yao, na tangazo lake lilieleza kwamba chakula ni kwa ajili ya wafanyakazi wenzao wenye shida. Picha ikavuja, mtandao ukawaka moto. Kampuni ikajitetea kwamba ule ni ushahidi wa jinsi watu wake wanavyopendana.

Na inawezekana kabisa walikuwa wanapendana. Keshia anayemwekea keshia mwenzake kopo la mahindi anafanya jambo la kiutu. Lakini watu waliuliza swali ambalo haliwezi kufunikwa na tisheti: inakuwaje mtu anauza chakula kutwa nzima, halafu jioni hana cha kupika? Miaka saba baadaye, 2020, ofisi ya ukaguzi ya serikali ya Marekani ilichunguza majimbo kadhaa na kukuta kwamba watu wazima wengi wanaopata msaada wa chakula wa serikali na wana ajira walikuwa wanafanya kazi saa nyingi tu kwa wiki, wengi wao kwenye kampuni kubwa za maduka na za vyakula vya haraka.

Hii haifuti kazi ya watu wa kujitolea. Inaonyesha tu mpaka wake. Benki ya chakula inaziba pengo la wiki hii. Pengo la kila mwezi linazibwa na mshahara unaotosha, bei ya chakula inayobebeka, na serikali inayofanya sehemu yake. Kampuni inayotuma watu 50 kufunga maboksi mwezi wa 12 huku mfagizi wake mwenyewe anakopa unga dukani kwa Mangi inapaswa kuanzia ndani.

NJAANUARI

Afrika Mashariki haihitaji kufundishwa kuhusu mwezi unaofuata sikukuu. Wakenya wameshaupa jina: Njaanuari. Desemba imekula hela yote, ada za shule ziko mlangoni, mshahara uko mbali kama Kigoma kwa treni. Familia iliyopokea mfuko wa Krismasi inaweza kuwa imeumaliza kabla ya tarehe 5. Vivyo hivyo kwa misaada ya Ramadhani: mwezi mtukufu futari zinatoka kwa wingi, maturubai yanafungwa, kisha Idi inapita na kila mtu anarudi kwenye sufuria yake.

Lakini ukanda huu pia una mfano wa kutoa bila kungoja sikukuu. Julai 2011, ukame mkali ulipoipiga kaskazini mwa Kenya, Msalaba Mwekundu wa Kenya pamoja na Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari walianzisha kampeni ya Kenyans for Kenya. Lengo lilikuwa shilingi milioni 500 za Kenya ndani ya wiki nne. Watu wa kawaida wakatuma kwa M-Pesa kidogo walichonacho, wafanyakazi wakachanga maofisini, na lengo likavukwa mapema. Hakukuwa na Krismasi wala Idi. Kulikuwa na njaa, basi. Na leo Nairobi kuna Food Banking Kenya, inayookoa mboga na matunda ambayo yangetupwa na kuyapeleka kwa watoto na familia zenye uhitaji. Ni lile lile wazo la mama wa mapipani.

Kwa hiyo ofisi inayopanga kutoa mwaka huu haina haja ya kuacha. Iende. Ila kabla ya kuchapisha bango, mtu mmoja apige simu kwenye kituo cha watoto, msikiti, kanisa au serikali ya mtaa, aulize: stoo yenu inabaki tupu mwezi gani? Mnahitaji nini, mchele au hela ya kununulia kwa bei ya jumla, au mtu wa kuwatengenezea friji? Pengine jibu litakuwa Desemba. Pengine litakuwa Februari, au Mei wakati mvua zimekata kazi za vibarua. Kundi la watu 20 likigawana miezi, kila baada ya wiki chache watu watatu wanakwenda, na gharama haibadiliki.

Watu wa posta hawakuwa na bajeti ya matangazo kama ya kampuni kubwa. Walichokuwa nacho ni adabu ya kumsikiliza anayeijua njaa kabla ya kuchagua tarehe.

Ofisini kwenu huwa mnatoa mwezi gani, na nani aliuchagua?